Sitara ya Nyumba na Ufunguo wa Serikali



Msomaji wetu mmoja, mama aliyezaliwa pwani na ambaye sasa yuko Kiplombe, nje kidogo ya mji wa Eldoret, ametuletea maswali mawili. La kwanza ni la mwanawe wa miaka 13. Simu ni moja nyumba nzima: mama huitumia kwa M-Pesa, baba kwa kazi zake, na kijana hupewa jioni ili apokee mazoezi ya shule kwenye kundi la WhatsApp la darasa lao. Usiku mmoja mama alikuwa akipekua picha akitafuta risiti, akakuta video ambayo hakuweza kuitazama hadi mwisho. Anauliza: ile sheria ya Oktoba 2025, iliyosemwa kuwa itafunga uchafu wa mitandaoni, mbona haukuzuia uchafu huu kuingia kwake? Swali la pili ameliuliza kwa hadhari. Baadhi ya jirani zake, tena watu wa dini, wanaipinga sheria hiyo na kusema kwamba serikali inataka kuwaziba watu midomo. Je, yafaa Muislamu kusimama pamoja na watu wanaopinga sheria ya kuondoa fahisha?

Hukumu ya kutazama uchafu haina mjadala, na hatutaipotezea wino. Sura ya An-Nur imewaamrisha waumini wanaume kuinamisha macho yao katika aya ya 30, kisha ikawaamrisha wanawake katika aya ya 31. Twautaja mpangilio huo kwa makusudi, kwa kuwa katika darsa zetu ile ya 31 husomwa kwa utulivu na kufafanuliwa hadi adhana, na ile ya 30 hupitwa mbio.

Tuitazame sheria yenyewe, maana wengi wameisikia kwa uvumi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ilitiwa saini na Rais Uhuru Kenyatta mwezi wa Mei 2018. Mbunge wa Wajir Mashariki, Aden Daudi Mohamed, akaleta mswada wa kuifanyia marekebisho, na Rais William Ruto akautia saini tarehe 15 Oktoba 2025, siku ileile nchi ilipopata habari ya kifo cha Raila Odinga. Watu walikuwa msibani. Walipoinua vichwa wakakuta sheria tayari, na kila mmoja akaieleza alivyopenda. Wako waliosema kwamba sasa uchafu wote umepigwa marufuku nchini, na wako waliosema kwamba hata kumchekesha mtu mtandaoni ni jela.

Yaliyomo si hayo. Marekebisho yameipa Kamati ya Kitaifa ya Kuratibu Masuala ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao uwezo wa kuamuru tovuti au programu ifungwe, ikithibitika kwamba inaendeleza mambo yaliyo kinyume cha sheria, au mambo machafu yanayohusu watoto, au ugaidi, au itikadi kali za kidini na za kimadhehebu potofu. Uchafu wa watu wazima haukutajwa kwa jina lake. Huo umeachiwa vifungu vya zamani vya Kanuni ya Adhabu, vilivyoandikwa wakati wa magazeti na picha za kuchapwa. Ama picha chafu za watoto, sheria ya 2018 ilikwisha kuziwekea adhabu nzito: kifungo hadi miaka 25, au faini hadi shilingi milioni 20, au yote mawili. Hapo hatuna neno ila kuomba kwamba itekelezwe.

Sasa kwa nini video ilifika Kiplombe? Tovuti inapofungwa, kinachofanyika aghalabu ni kuyaamuru makampuni ya simu yasimpitishe mtu anayeiomba tovuti hiyo kwa jina lake. Ni kama kumwambia bawabu: fulani akija, usimfungulie. Lakini video ile haikupita kwa bawabu. Ilitumwa na mtoto mwenzake ndani ya kundi la WhatsApp, na ujumbe wa WhatsApp husafiri umefungwa hata kampuni ya simu haiwezi kuusoma. Na anayetaka kweli kwenda kwenye tovuti iliyofungwa hutumia programu za VPN, ambazo humfanya aonekane yuko nchi nyingine. Uingereza ilipoanza kutekeleza sheria ya kuhakiki umri wa wanaoingia tovuti hizo, tarehe 25 Julai 2025, programu za VPN zilikuwa miongoni mwa zilizopakuliwa zaidi katika siku zile. Hatusemi kwamba kizuizi hakina faida. Mtoto mdogo anayeangukia jambo kwa bahati mbaya hukingwa nacho. Tunasema tu kwamba serikali hata ikifanya yake yote, njia iliyotumika kuingia nyumba ya mama huyu itabaki wazi.

Njia hiyo iko mikononi mwake. Katika mipangilio ya WhatsApp azuie picha na video zisijipakue zenyewe. Palepale achague kwamba watu anaowajua tu ndio wanaoweza kumwingiza katika makundi. Katika simu za Android kuna mahali pa DNS ya faragha; akiandika pale family.cloudflare-dns.com, tovuti nyingi za uchafu hazitafunguka kwenye simu ile, na hakuna malipo. Si ukuta wa chuma, kijana mjanja atautafutia tundu, lakini ni mlango uliorudishwa, na mlango uliorudishwa humfanya mtu afikiri kabla ya kuusukuma. Kisha amwarifu mwalimu anayesimamia kundi la darasa, kwa upole na bila kumtaja mtoto aliyetuma mbele ya wazazi wengine.

Na baba azungumze na mwanawe. Twasema baba, kwa sababu tumeona mzigo huu ukiachiwa mama kana kwamba yeye ndiye aliyeinunua simu peke yake. Kijana wa miaka 13 aliyetumiwa video si mzinifu, wala hafai kuitwa jina hilo. Ameoneshwa jambo la watu wazima kabla ya wakati wake, na walioligeuza kuwa bidhaa. Aambiwe hivyo. Aambiwe kwamba wale aliowaona wanalipwa au wanalazimishwa, na kwamba yanayotendeka pale siyo yanayotendeka kati ya mume na mke wanaopendana na kuheshimiana. Qur'ani haikuona haya kuyagusa mambo haya kwa watoto: katika aya ya 58 ya sura hiyohiyo ya An-Nur, wale ambao hawajabaleghe wamefundishwa kuomba ruhusa nyakati tatu, kabla ya alfajiri, mchana watu wanapovua nguo, na baada ya isha. Mtoto aliyefundishwa kwa nini hodi inabishwa amekwisha kufundishwa nusu ya somo hili.

Huulizwa: je, mzazi aikague simu ya mwanawe? Rai yetu ni kwamba mtoto aliye chini ya malezi yako unaweza kumkagulia, lakini kwa wazi. Mwambie tangu mwanzo kwamba simu hii tutaitazama pamoja kila Ijumaa. Kuinyemelea usiku akiwa amelala, kisha kumshitukiza asubuhi mbele ya ndugu zake, humfundisha kuficha vizuri zaidi.

Kunyemelea huko ndiko kunakotupeleka kwenye swali la pili.

Imepokewa kisa cha Sayyidna Umar, radhi za Allah ziwe juu yake, na Imam Ghazali amekitaja katika Ihya. Umar, naye ni khalifa, alikuwa akizunguka Madina usiku. Akasikia sauti ndani ya nyumba iliyomtia shaka, akaukwea ukuta, akamkuta mwenye nyumba katika maasi. Alipomkemea, yule mtu akamwambia amirul muuminina asiharakishe, kwani yeye amekosa moja na khalifa amekosa matatu: Allah amekataza kupeleleza, naye amepeleleza, Allah ameamrisha nyumba ziingiwe milangoni, naye ameingia kwa ukuta, Allah ameamrisha kuomba ruhusa na kutoa salamu, naye hakufanya hayo. Mtu yule alikuwa ameziweka aya mbele yake: ya Hujurat, ya Baqara na ya An-Nur. Umar akamsamehe na kuondoka, na yule mtu akaahidi kutubia.

Tukitazame kisa hiki bila haraka. Maasi yalikuwapo kweli. Khalifa hakukosea alipodhani kuna munkari mle ndani. Juu ya hayo, mwenye dola mwadilifu kuliko wote waliotawala baada ya Abubakar aliambiwa na mkosaji kwamba njia aliyoitumia ni haramu, naye akakubali. Wanazuoni wakajenga juu yake kanuni ya hisba: munkari unaokatazwa kwa nguvu ni ule ulio dhahiri, usiohitaji upelelezi kuufichua, na anayeuondoa awe na mamlaka yenye mipaka. Kwa hivyo mtu anayesema kwamba mwenye kuweka masharti juu ya mkono wa serikali anatetea fahisha, huyo anamshitaki Umar pamoja na mwenye nyumba.

Tena haya siyo mambo ya vitabuni tu. Mwaka 2025 jirani zetu Watanzania waliamka wakakuta mtandao wa X haufunguki. Waziri wa habari, Jerry Silaa, alieleza kwamba umefungwa kwa sababu unaruhusu picha za ngono, kinyume cha sheria, mila na desturi za nchi. Alilolisema kuhusu X lilikuwa kweli. Kampuni hiyo ilitangaza waziwazi kuruhusu mambo hayo katikati ya mwaka 2024. Lakini mwaka mzima ulipita mtandao ukiwa wazi. Ulifungwa mwezi wa Mei 2025, siku akaunti ya Jeshi la Polisi ilipodukuliwa na kutangaza uongo kuhusu rais, na wakati kukamatwa kwa wanaharakati wa Kenya na Uganda huko Dar es Salaam kulipokuwa kukizungumzwa kila mahali. Septemba ikafuata leseni ya JamiiForums kusimamishwa kwa siku 90. Tarehe 29 Oktoba, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, na dada zetu wa Tanga wakawa hawawezi kuwauliza ndugu zao wa Mombasa kama wako salama, wala ndugu kuwauliza wao. Hilo la mwisho halikusingiziwa picha chafu. Ufunguo ulikwisha kuzoea mkono.

Uganda nayo ilipitisha Sheria ya Kupinga Ponografia ya mwaka 2014. Waziri aliyeisimamia, Simon Lokodo, alikuwa padri hapo awali, na hatuna sababu ya kuitilia shaka nia yake. Sheria iliieleza ponografia kwa maneno mapana mno hata ikaingia mitaani kwa jina la sheria ya nguo fupi. Wiki chache baadaye wanaume waliwavamia wanawake hadharani na kuwavua nguo, wakidai wanaitekeleza. Sheria iliyoandikwa kulinda haya ikawa sababu ya mwanamke kuwekwa uchi sokoni. Mahakama ya Katiba ikavifuta vifungu hivyo Agosti 2021, baada ya miaka saba. Wanawake wetu wanaovaa buibui wasidhani kwamba hilo haliwahusu. Aliyepewa ruhusa ya kumvua mwanamke kwa sababu nguo ni fupi, kesho atamvua mwingine kwa sababu nguo ni ndefu, akisema ameficha bomu.

Watu hutuambia: mbona nchi za Ghuba zimefunga uchafu na mambo yanakwenda vizuri? Ni kweli zimefunga, na tunaona kheri katika hilo. Lakini mama yeyote wa Kenya mwenye binti anayefanya kazi Dubai anajua kwamba simu za WhatsApp za sauti na za kuonana hazipiti huko, ila kwa programu zilizopewa leseni. Hapo hapakuwa na suala la haya. Mamlaka inayochuja uchafu ndiyo pia inayoamua binti azungumze na mamake kwa njia ipi.

Sasa turudi kwetu, na hapa tunawaomba wasomaji wa pwani watusikilize zaidi. Katika orodha ya mambo ambayo kamati inaweza kuyafungia tovuti, uchafu wa watoto umekaa ubavuni mwa itikadi kali za kidini. Tunajua maneno hayo yalitoka wapi. Yalitoka Shakahola, Kilifi, ambako tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofunga hadi kufa kwa kumfuata mhubiri ambaye mahubiri yake yalikuwa yakienea kwa televisheni na mitandao. Serikali iliyolala hadi watu wakafikia idadi hiyo ina haki, bali ina wajibu, wa kutafuta dawa. Na watu wa upande ule wa Eldoret, penye Kiambaa ambako kanisa lilichomwa na watu ndani yake tarehe 1 Januari 2008, hawahitaji kufundishwa na mtu wa pwani kwamba neno la chuki laweza kuua.

Lakini pwani nayo ina kumbukumbu zake. Novemba 2014 polisi waliivamia misikiti ya Masjid Musa na Sakina hapo Mombasa, ikafungwa. Aprili 2015, baada ya maafa ya Garissa, serikali ilitoa orodha ya watu na mashirika zaidi ya 80 waliodaiwa kuhusiana na ugaidi, na ndani yake mlikuwa na Haki Africa na Muhuri, mashirika yaliyokuwa yakiwatafutia haki vijana wetu waliopotea. Akaunti zao za benki zikafungwa. Yaliokolewa na nini? Mahakama Kuu ya Mombasa, ambayo mwaka huohuo iliona kwamba ushahidi haupo. Lau uamuzi ungekuwa wa kamati peke yake, hadi leo wangekuwa magaidi. Kesho tovuti ya madrasa ikifungwa kwa sababu ofisa mmoja ameona neno jihadi katika tafsiri ya hadithi, asiyejua kwamba jihadi ya nafsi ndiyo iliyokusudiwa, tutakwenda kumbishia nani hodi? Mchimba kisima huingia mwenyewe, na waliotuita tushangilie uchimbaji huu hawakutuonesha kina chake.

Hata Uasin Gishu ina mfano wake. Novemba 2024 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi alikamatwa na kushitakiwa chini ya sheria hiyohiyo ya 2018, kwa picha aliyodaiwa kuiweka X ikionesha jeneza na kulihusisha na rais. Sisi hatuupendi mzaha wa kifo; kumwombea mtu mauti si adabu ya Kiislamu. Lakini kukosa adabu ni mlango mmoja na jinai ni mlango mwingine, na mzee anayemrudi kijana kwa maneno hafanani na dola inayompeleka korokoroni.

Ndipo tunapowaelewa wale jirani wa msomaji wetu. Miongoni mwa waliokwenda mahakamani kuipinga sheria ni Reuben Kigame, mwimbaji wa nyimbo za injili anayejulikana sana Eldoret, pamoja na Tume ya Haki za Kibinadamu ya Kenya, ambayo ni shirika la kiraia na siyo la serikali. Mtu anayeimba injili hakwenda mahakamani kutetea fahisha. Tarehe 22 Oktoba 2025 Mahakama Kuu ilisimamisha sehemu za kifungu cha 27 hadi kesi isikilizwe. Ni kifungu cha kumsumbua mtu kwa njia ya mtandao, na ndani yake mna mawasiliano yanayosemwa kuwa machafu au ya kuudhi mno. Kuudhi kwa kipimo cha nani? Kiongozi huudhiwa na mengi. Uwezo wa kamati kufunga tovuti haukuguswa na amri ile. Kwa hiyo tumwambie mama wa Kiplombe kwamba ndiyo, yafaa Muislamu kuwa pamoja na watu hao katika jambo hili, na wala hataulizwa siku ya kiyama kwa nini alidai ushahidi.

Wala hatusemi pasifungwe kitu. Mwanzoni mwa mwaka 2026 ilibainika kwamba programu ya Grok ilikuwa ikitumiwa kuwavua nguo wanawake pichani: mtu huipa picha ya binti aliyejisitiri, nayo humtolea picha ya binti yuleyule akiwa hana sitara. Indonesia na Malaysia, nchi zenye Waislamu wengi, ziliifunga mara moja. Zilisema wazi kosa ni lipi na nani anayedhulumiwa, na kampuni ilipoongeza vizuizi, zikaifungua. Kitu kimoja, kwa sababu moja, kwa muda. Hivyo ndivyo munkari dhahiri unavyoondolewa.

Na hapa ndipo sheria yetu inapotusikitisha zaidi. Chukua kifungu cha 37 cha ile sheria ya 2018. Mtu akisambaza picha ya faragha ya mwanamke, mathalan mchumba aliyekataliwa akairusha picha ya binti katika makundi ya mtaa mzima, adhabu yake haizidi kifungo cha miaka 2 au faini ya shilingi 200,000, au vyote viwili. Sasa chukua kifungu cha 27, kile cha kuudhi: kifungo hadi miaka 10, au faini hadi shilingi milioni 20, au vyote viwili. Kumvunjia binti sitara yake maisha yake yote kumepimwa kwa moja ya mia ya faini ya kumuudhi mtu. Waislamu tunajua uzito ambao Allah ameuweka juu ya heshima ya mwanamke. Anayemsingizia zinaa bila mashahidi wanne hupigwa mijeledi 80 na ushahidi wake haukubaliwi tena. Tumewahi kuketi na wazazi waliorudi kutoka kituoni wameambiwa kwamba kosa ni la binti aliyejipiga picha. Binti amekosa, hatukatai. Lakini aliyeirusha amekosa zaidi, na dhambi ya binti ilikuwa imesitirika hadi yeye alipoifunua.

Kwa aliyefikwa na jambo hilo, yako ya kufanya leo bila kungoja Bunge. Asiifute picha wala vitisho kabla ya kuhifadhi ushahidi wake. Ikiwa ametimiza miaka 18, tovuti ya StopNCII.org humwezesha kuitengenezea picha yake alama ya siri katika simu yake mwenyewe, bila kuituma picha kwa mtu, na mitandao mikubwa iliyojiunga huitumia alama hiyo kuizuia isienee. Kwa aliye mdogo kuna simu ya watoto 116, haina malipo, na 1195 kwa anayedhulumiwa kijinsia. Na nyumbani asipokewe kwa kipigo. Mabinti wanaowalipa wanaowatisha, mara ya kwanza na ya pili na ya tatu, hulipa kwa sababu wanamwogopa baba kuliko wanavyomwogopa mwizi wa picha.

Mbunge wa eneo la Turbo au mwakilishi wa wanawake wa kaunti akifika Kiplombe kutafuta mkono wa akina mama, na akaitaja sheria hii kuwa ni zawadi kwa watu wa dini, aulizwe kwa adabu. Hiyo kamati inapoambiwa ikithibitika, ithibitike mbele ya nani? Kwa nini kila amri ya kufunga isipite kwa hakimu, ilhali marekebisho hayahaya yameweka mahali pengine njia ya kuomba amri ya mahakama? Tovuti ikifungwa kwa makosa, mwenyewe ataarifiwa baada ya siku ngapi, na atakata rufaa wapi? Maneno itikadi kali yamefasiriwa wapi, na nani katika waliofasiri anaijua dini inayofasiriwa? Kisha aulizwe lini ataleta mswada wa kukirekebisha kifungu cha 37, na kama hana jibu, apewe karatasi aandike tarehe.

Wabillahi tawfiq.